Tulivyokaa Matanga ya Banki

Baba yangu alisema neno moja na hakulirudia: mbuzi wawe uani kwetu kabla ya Jumatano ya Majivu, la sivyo harusi ingoje mpaka Pasaka ipite. Kwetu Butembo mbuzi wa mahari siku hizi ni jina la heshima tu. Watu wanaleta dola ndani ya bahasha, wazee wanaipokea, wanasema "mbuzi zimefika," na hakuna anayecheka. Sasa mbuzi hao, yaani dola hizo, mchumba wangu alikuwa ameziweka zote katika koperative ya akiba iliyo kwenye mtaa wetu, ile tunayoiita banki. Kwa hiyo banki ile ilipofunga mlango, ilifunga na harusi yangu ndani.

Niseme kwanza mimi ni mtu wa namna gani, usije ukanishangaa huko mbele. Mimi ni fundi wa kushona, na hasira zangu ziko karibu. Mteja akiniambia mikono ya blauzi haiko sawa, ninamuuliza kama amepima na ya kwake. Mama anasema mdomo huu nimeurithi kwa baba, baba anasema nimeurithi kwa mama, na majirani wanasema wote wawili hawasemi uongo.

Mchumba wangu ni kinyume changu. Ni fundi pikipiki wa Beni, mtu mpole, anayeongea kama vile kila neno linalipiwa ushuru. Aliniambia anaweka pesa Butembo badala ya Beni kwa sababu ya usalama, maana Beni watu wamezoea kulala sikio moja wazi. Ilinichukua muda kuiona sababu ya pili. Banki ilikuwa ukuta kwa ukuta na kibanda changu cha kushonea, na yeye alikuwa akiweka pesa kidogo kidogo mno, kiasi ambacho hakimlazimu mtu kupanda pikipiki kutoka Beni na kula vumbi njia nzima. Kumbe zile safari ndizo zilikuwa akiba yenyewe.

Banki ilikuwa nyumba ya ghorofa moja yenye mlango wa mbao mbili, wa kijani. Chini kulikuwa na dirisha la kulipia lenye nondo, na juu aliishi mkubwa wa banki, ambaye wote tulimwita gérant. Alikuwa mwanaume mwembamba wa makamo, asiyevua tai. Aliivaa hata siku za kupanda pikipiki kwenda Kalunguta, kupokea akiba za akina mama wanaolima maharagwe na ndizi. Kule walimpenda kuliko sisi tulivyompenda. Sisi wa mjini tulimjua kama mtu wa kutuambia turudi kesho, wao walimjua kama mtu anayekumbuka mtoto gani alikuwa na kikohozi.

Ulikuwa mwaka ule vita vilipochukua Goma na kuanza kupanda kuelekea kwetu. Banki za kule zilifunga, na Butembo kila mtu mwenye redio aligeuka mwalimu wa uchumi. Katikati ya maneno hayo, baba mkwe wa mama aliyekuwa akilipa watu dirishani akafariki huko Kalunguta. Gérant, kwa utu tu, akafunga banki siku moja ili wafanyakazi wote waende kuzika. Akabandika karatasi mlangoni: Fermé pour cause de deuil, yaani imefungwa kwa ajili ya matanga.

Kosa halikuwa karatasi. Kosa lilikuwa mlango. Kwenye mtaa wetu mwenye duka akifiwa anafunga ubao mmoja na kuacha mwingine wazi, ili watu wajue kuna msiba, waingie watoe pole. Ukifunga mbao zote mbili, hujafiwa, umekimbia. Gérant alisomea mbali, na hili hakuna shule inayolifundisha.

Asubuhi ile tulisimama mbele ya mlango, mimi, mama, na muuza sabuni wa ng'ambo ya barabara.

"Deuil ya nani?" muuza sabuni akauliza.

"Ya pesa yetu," mama akajibu.

Mama alikuwa anatania, ninaapa. Lakini utani wa mama yangu una miguu mirefu kuliko habari ya redio. Kabla ya adhuhuri ulikuwa umefika sokoni, na ulipofika sokoni haukuwa utani tena. Pesa ilikuwa imekufa mu banki, na gérant alikuwa ameonekana akielekea mpaka wa Uganda na masanduku. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na wakaenda kutafuta vitabu vyao vya akiba chini ya magodoro.

Kesho yake banki ilipofunguliwa, mstari ulitoka mlangoni ukapita kibanda changu, ukakata kona. Gérant akasimama kizingitini akasema, "Du calme, du calme." Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana mtu akiombwa atulie kwa Kifaransa anajua nyumba inaungua. Wafanyabiashara wakubwa, ambao kwa kawaida hutuma watu, walikuja wenyewe. Mmoja wao, muuza simenti, alitoa pesa yake yote, akafika nje na mfuko, akaona jinsi mtaa mzima unavyomtazama, akaogopa, akarudi ndani kumwomba gérant amwekee tena. Gérant nusura amkumbatie. Lakini watu walipiga kelele kwamba anaruka mstari, na masikini akaenda nyumbani na mfuko wake, akitembea upande upande.

Mimi nilikuwa nimempigia simu mchumba wangu tangu jana.

"Kuya leo," nikamwambia.

"Nitakuya kesho. Niko na pikipiki ya mutu hapa, nimeishafungua moteur."

"Funga hiyo moteur!"

"Ya mutu haifungwake hivi," akasema, na akaendelea kuwa mtu mwaminifu.

Alipofika, dirisha lilikuwa limekauka. Pesa iliyobaki ya koperative ilikuwa imewekwa katika banki kubwa huko Goma, na huko hakukuwa na mtu wa kuitikia. Gérant alifunga mbao zote mbili na kupanda juu kwake. Hata karatasi ya matanga hakuibandua. Mchumba wangu alisimama akiutazama ule mlango kama anasikiliza injini yenye kasoro. Nilimuuliza hasira yake iko wapi.

"Iko mu banki," akasema.

Jioni baba aliuliza mezani mbuzi wako wapi. Nikamwambia wako mu banki. "Basi ni Pasaka," akasema, na akaomba maharagwe tena. Nilimkasirikia baba kwa yale maharagwe. Nilitaka asononeke kidogo, hata kwa adabu tu.

Maana Pasaka ya mwaka ule haikuwa Pasaka ya kawaida. Kila juma vita vilipanda mlima mwingine. Watu walikuwa wanafika kutoka Lubero na godoro kichwani na kuku mkononi. Hakuna aliyejua kama baada ya Pasaka barabara ya Beni itakuwa bado ni barabara, ama yeye atakuwa upande mmoja na mimi upande mwingine. Niliogopa. Ninalisema wazi sasa kwa sababu siku zile nililificha kwa kugombeza wateja, na mmoja alihama kabisa akaenda kushonesha kwa fundi wa kwenye kona, ambaye hajui hata kukunja upindo.

Asubuhi iliyofuata mama aliamka na uso ninaoujua. Ni uso anaouvaa akikaribia kushinda bei. Akaenda akasimama mbele ya ile karatasi, mikono kiunoni.

"Aliandika deuil," akasema. "Mais deuil bila batu ni deuil ya namna gani? Tukae matanga. Tukae hapa mpaka ashuke."

Aliye juu mngoje chini, na sisi tukamngoja na vitu vyote vya kungojea. Wanawake wa mtaa walileta shitingi, turubai la plastiki, wakaifunga kutoka dirisha la banki mpaka kwenye kibanda changu. Mabenchi yalitoka parokiani, kuni zikatoka kwa muuza sabuni, na mikeka ikatoka kila nyumba. Akina mama wakavua viatu, wakakaa wamenyoosha miguu. Wanaume wakakaa kwenye mabenchi na karata na kasiksi, pombe ya ndizi, kwa sababu wanaume wa kwetu hata matanga ya kuigiza wanajua kazi yao ni ipi. Wanakwaya wa parokia walipita wakielekea mazoezini, wakasimama wakaimba. Waprotestanti wa kanisa la upande wa pili waliposikia, nao wakaja kuimba, kwa sauti zaidi.

Kitu kimoja kilikosekana. Matanga lazima yawe na mjane.

"Mujane njo huyu," mama akasema, akinionyesha kwa midomo. "Mahari yake njo inamukufia mule ndani."

Kabla sijakataa walikuwa wamenifunga kitenge kichwani na kunikalisha kwenye godoro, mbele ya watu wote. Watu wakapanga mstari kunipa pole. "Pole, mama. Alikuwa banki muzuri." "Kulia tu, kulia, hapana kuweka ndani." Muuza simenti mwenyewe alikuja na mfuko wake begani, maana tangu jana hakujua pa kuuweka, akaniambia Mungu ndiye anayetoa na Mungu ndiye anayetwaa. Nilimjibu kwamba safari hii aliyetwaa ni yeye. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika, na juu, pazia la gérant likatikisika kidogo.

Sasa, kuna mama mmoja wa mtaa wetu ambaye kazi yake katika kila matanga ni besheni. Mtu akifa, yeye huja na besheni lake la enameli, hulifunika kitambaa cheupe na kuliweka mbele ya wafiwa, watu watie mchango. Hakuna aliyemwambia alete besheni siku ile. Mikono yake tu ilizoea. Aliliweka mbele yangu, akakaa, na sote tukalitazama. Kisha mwendesha pikipiki mmoja akapita, akaona shitingi, akaona besheni, akapunguza mwendo, akatupia noti ya franka, akafanya ishara ya msalaba na kuendelea.

Tulicheka. Lakini kwetu huwezi kufika matangani mikono mitupu. Watu wanakutazama mkono kabla hawajakutazama uso. Na njia ya kwenda kwenye depo za wafanyabiashara ilipita pale pale, kati ya mikeka na mabenchi. Wa kwanza alipita akiongea kwenye simu ambayo haikuwa imewaka. Wa pili alijaribu vilevile, mama akamwita kwa sauti ya kanisani, "Papa! Unapita matanga hivi? Na siye tulikuya kwa matanga ya mama yako!" Akarudi, akatia kitu. Wa tatu alitia bila kuitwa. Muuza simenti aliangalia besheni, akaangalia mfuko wake, akajikuna, akatia fungu zima, na uso wake ukawa wa mtu aliyetua mzigo wa simenti yenyewe. Akina mama wakampigia vigelegele, akaongeza.

Adhuhuri hivi tukasikia kilio kutoka chini ya barabara. Hakikuwa cha kuigiza. Walikuwa akina mama wa Kalunguta, kundi zima, na mizigo ya kuni migongoni, mikungu ya ndizi, maharagwe katika vikapu, na mbuzi watatu wa kamba. Walikuwa wamesikia jana usiku kwamba banki imefungwa tena na karatasi ya matanga iko mlangoni. Na ku banki nani wa kufa, kama si gérant? Walikuwa wametoka alfajiri.

Walipofika chini ya shitingi walitafuta mjane, na mjane nilikuwa mimi. Mama mzee wao aliniangukia shingoni akilia machozi ya kweli, yakilowesha kitenge changu. "Mama wee, alikuwa mutu! Alikuwa anatuuliziaka batoto! Anatuachia nani?" Wengine wakajitupa kwenye mkeka. Mimi nilifungua mdomo niwaambie kwamba hakuna aliyekufa, kwamba mimi si mke wa gérant, kwamba hata tai yake siipendi. Badala yake nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, kwa hofu yote niliyoibeba majuma yale, nikimshikilia yule mama mgeni, na nilimlilia gérant ambaye alikuwa juu ya kichwa changu akinywa chai. Mama yangu alinitazama mdomo wazi.

Dirisha la juu likafunguka kwa kishindo.

"Bamama!" gérant akaita. "Bamama, hapana kulia! Niko muzima!"

Akina mama wa Kalunguta walipiga ukelele mmoja, na nusu yao wakarudi nyuma mpaka barabarani. Yule mzee peke yake hakutikisika. Alijifuta macho, akatazama juu kwa muda, akahakikisha.

"Kama uko muzima," akamwambia, "juu ya nini unatutembeza na njaa bure?"

Hapo alishuka. Alikuja bila tai, shati nje, na shingo yake tuliiona wote kwa mara ya kwanza. Alijaribu kuanza na "chers membres," yaani wanachama wapendwa, ikamkwama, akafunika uso kwa mikono miwili. Baadaye alimwambia mama kwamba tangu azaliwe hakujua kama kuna mtu angemlilia. Alipopata sauti aliongea Kiswahili, polepole, kama mtu wa mtaani. Pesa haikufa, akasema, imekwama. Wenzake wa tawi la Beni walikuwa wameahidi kutuma kidogo kwa gari kesho yake. Lakini kama hana kitu cha kuanzia dirishani, watu wataivamia siku moja na kuimaliza, na siku ya pili atakuwa amefunga tena.

Ikabaki shida ya mizigo. Akina mama wa Kalunguta walikuwa wameleta vitu vya matanga, na vitu vya matanga havirudi nyumbani. Ukivirudisha, unavirudisha pamoja na kifo. Hata mimi niliye na mdomo singethubutu kubishana na hilo. Yule mzee akafikiri, akipangusa pua.

"Basi pokea," akamwambia gérant. "Tulikuwa tunakuletea ukiwa maiti. Tukuletee ukiwa muzima, ni mubaya? Uandike mu bitabu byetu."

Gérant akacheka na machozi bado yakimtoka. Besheni nalo likaenda njia ile ile: kila aliyetia na ajitaje, aandikiwe. Mama wa besheni alikasirika kidogo. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona mchango wa matanga unatolewa risiti.

Hapa nifungue moyo. Mimi pesa yangu haikuwa mu banki. Sikuamini banki, hata ile iliyokuwa ukuta kwa ukuta nami. Nilikuwa nimeiweka ndani ya droo ya cherehani, chini ya bobini na vifungo, kwa ajili ya mashini ya kudarizi ya umeme ambayo nilikuwa nimeshaipa mahali pake karibu na dirisha. Watu walipokuwa wakizunguka gérant, niliingia kibandani, nikaitoa. Nilirudi kwenye godoro langu la ujane, nikajifanya ninanyoosha kitambaa cha besheni, nikaiacha chini yake yote.

Kwa nini sikujitaja? Wewe hujui Butembo. Binti anayelipa ili mahari yake ipate kutoka, jina atakalopewa litawafikia wajukuu wake. Watasema alijinunua. Kwa hiyo nilinyamaza, na mashini ya kudarizi ikaingia katika sanduku la banki bila jina la mtu. Nilijiuliza usiku ule kama nina akili. Asubuhi nilipomwona mchumba wangu amelala ameketi kwenye benchi la parokia, mdomo wazi, mikono yake ya grisi magotini, nikaacha kujiuliza.

Siku hiyo gari la Beni lilifika, na gérant akafungua banki. Alifungua ubao mmoja tu, mwingine akauacha umefungwa. Mama alikuwa amemfundisha. Watu wakaingia mmoja mmoja kama wanaoingia kutoa pole, wakiongea kwa sauti ndogo, na mtu akiongea kwa sauti ndogo hasukumi mwenzake. Kila mmoja alipewa sehemu. Na ajabu ya mambo ya pesa ni hii: walioona kwamba wanaweza kupewa, wengi hawakutaka tena. Waligusa, wakahesabu, wakasema basi weka, wakatoka wakijivuna.

Mchumba wangu alipofika dirishani, dola zilikuwa zimepungua. Gérant alimpa alizoweza. Kisha akainama kidogo, akamwonyesha uani, ambako mbuzi watatu wa Kalunguta walikuwa wanamaliza majani ya ua wa jirani.

"Zingine," akasema, "naweza kukulipa na ile."

"Mbuzi ya kweli?"

"Ya kweli. Baba mukwe wako hakusema mbuzi?"

Mchumba wangu alifikiri kama anavyofikiri, mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kukohoa. "Mbuzi ni mbuzi," akasema, na akatia sahihi. Yeye na mbuzi walipanda mlima wa kwetu juu ya pikipiki, yeye mbele, mbuzi mmoja mapajani na wawili nyuma katika tenga, wakipiga kelele njia nzima, na kila nyumba ilitoka kutazama.

Mahari ilipokelewa Jumamosi ya mwisho kabla ya Majivu. Wajomba zake walipanda kutoka Beni na suti zilizokunjwa katika mifuko ya plastiki, wakavalia kwa jirani. Bahasha ilipokelewa vizuri, lakini mbuzi walipoingizwa uani, mashangazi zangu wazee walisimama wote. Miaka mingi hawakuwa wameona mbuzi wa mahari mwenye miguu. Mmoja alimshika mbuzi masikio akamtazama meno, akatangaza kwamba huyu kijana amelelewa. Mchumba wangu alitazama viatu vyake. Hakumwambia mtu yeyote kwamba ni banki ndiyo iliyomlea.

Kisha nikaletwa mbele, nikapigishwa magoti kwenye mkeka, maana kwetu baba hawezi kula mahari ya binti bila kumuuliza mwenyewe, mara tatu, mbele ya watu.

"Mutoto yangu," baba akasema, "batu bamefika na bintu. Tukule ao turudishe?"

"Mukule, papa."

Vigelegele. Akauliza mara ya pili, nikajibu, vigelegele tena. Mara ya tatu hakuuliza. Alikaa akishika magoti yake, na watu wakadhani amesahau, baba mdogo akamgusa bega. Baba akautoa ule mkono, polepole.

"Ile banki," akaniambia, kwa sauti ya chini, ila ua mzima ulikuwa kimya, "kila asubui nilikuwa ninaombea isifunguke."

Sikuelewa.

"Beni, kule atakupeleka," akasema. "Ile njia ikikatika, nitakufikia na nini? Nilisema mbuzi, nilisema Majivu, juu nilijua haziwezi fika. Nilisema Mungu atanisaidia."

Nilitaka kukasirika. Hasira ilikuja, nikaisubiri, haikutoka. Nilikumbuka maharagwe yale aliyoyaomba tena, na nikaona kwamba alikuwa mtu anayekula huku roho imekauka. Kwa hiyo tulikuwa tumevutana kamba ile ile, baba na mimi, kila mmoja kwa siri yake. Yeye alikuwa na Mungu upande wake, mimi nilikuwa na mashini ya kudarizi, na mimi nikashinda. Sijawahi kushinda kitu kikaniuma vile.

Mchumba wangu alikuwa amepiga magoti kando yangu. Yeye ambaye maneno humtoka kwa ushuru alisema, bila kuulizwa, "Papa, njia ikikatika tutapita mu pori. Nitakuletea yeye kwa miguu." Wajomba zake wakatazamana. Haikuwa zamu yake kuongea.

Baba alimtazama kama anavyotazama noti ya dola yenye mkunjo.

"Uniulize ya tatu, papa," nikamwambia.

Aliniuliza. Sauti ilikuwa ndogo hata wageni wa Beni walisogeza viti ili wasikie. Nikamjibu, "Mukule." Mashangazi wakapiga vigelegele, kwaya ikaanza, na baba akainuka mwenyewe kwenda kufungua kamba ya mbuzi wa kwanza, ingawa hiyo ni kazi ya vijana. Kamba haikuwa ngumu, lakini alikaa nayo sana, ametugeuzia mgongo, na hakuna aliyemwendea kumsaidia.